Ukwaju na Chumvi

Mimi si mtu wa kusamehe haraka, na sitajifanya hapa. Yule supavaisa alinikosea, nikamlipa, na mpaka leo sijatubu kwa upande wake.

Miaka sita nilisafisha vyumba katika gesti moja ya Kanamkemer, hapa Lodwar. Maji yetu ni ya kisima, na yana chumvichumvi. Shawa mpya ikifungwa leo, miezi miwili haiishi matundu yameziba kwa magamba meupe, magumu kama mfupa. Maji yanampiga mgeni sikioni badala ya kichwani. Wageni wa ofisini walilalamika kwa Kiingereza, lawama zikanifikia mimi kwa Kiswahili.

Aliyeniokoa ni nyanya mmoja wa Kiturkana aliyekuwa akiuza ukwaju karibu na geti letu. Siku moja alinikuta uani nikikwangua shawa kwa kisu, akacheka mpaka akashika mbavu. "Ejok, mama!" akanisalimu kwa Kiturkana. "Wewe napigana na mawe?" Akanionyesha jinsi anavyong'arisha sufuria yake kwa ukwaju. Nikajaribu kwenye shawa. Unauloweka kwa maji ya moto, unaukamua uwe uji mzito, unautia ndani ya pakiti tupu ya maziwa, kisha unaifunga pakiti kwenye shawa kwa kitambaa cha shuka kuukuu. Nusu saa tu, si zaidi, maana ule mng'aro wa kromu uliopakwa juu ya shawa una ngozi nyembamba. Ukifungua unasugua kwa mswaki, magamba yanabanduka yenyewe. Nilipiga kigelegele peke yangu bafuni siku hiyo.

Halafu Mzee, mwenye gesti, akatangaza kwamba anafungua nyumba ya pili Kakuma, na atakayeonekana kuwa hodari ndiye atakwenda kuisimamia. Mume wangu anafundisha shule Kakuma. Tulikuwa tukionana mwisho wa mwezi kama wageni, yeye na begi lake, mimi na chai yangu. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Mzee alipokuja kukagua alifungua shawa, maji yakamwagika vizuri, akapitisha kidole juu ya bomba. "Nani amefanya kazi hii?"

Kabla sijafungua mdomo, supavaisa wetu, madam wa kutoka Nairobi ambaye mkono wake haujawahi kushika mswaki wa bafu, akajibu: "Ni mimi, Mzee. Nina dawa yangu. Huyu mama nilimkuta akikwangua kwa kisu."

Ala! Kisu nilikuwa nimekishika kweli, miaka mitatu nyuma, na mikwaruzo ilikuwa bado kwenye shawa ya chumba cha nne. Mzee akaiona, akatikisa kichwa. Nikajikaza kisabuni. Wiki iliyofuata madam akapanda gari kwenda Kakuma, akaniachia ndoo.

Nilimngoja. Maji ya Kakuma nayo ni ya kisima, na kisima hakijui Nairobi. Haikupita miezi mitatu, simu ikalia.

"Mama, habari za siku nyingi? Hebu nikumbushe, ile dawa yako ilikuwa nini?"

Dawa yako! Leo imekuwa yangu! Nilihisi utamu mpaka kwenye magego. Nikamwambia kwa sauti ya asali, "Ni ukwaju tu, madam. Ila uchanganye na chumvi nyingi, halafu uache mpaka kesho yake." Chumvi na ukwaju kwa usiku mzima hula ule mng'aro wote. Nilijua. Nilikata simu nikasema kwa sauti, malipo ni hapa hapa duniani, kisha nikaenda kutandika vitanda nikiimba.

Siku tano baadaye Mzee alinifuata na pikapu yake. Shawa zote za Kakuma zilikuwa zimeharibika, akasema, na wageni wanakuja. Njia nzima nilitazama dirishani nisije nikatabasamu mbele yake.

Zilikuwa zimeharibika kweli: madoa meusi, kutu ya kijani, mng'aro umebanduka vipande vipande. Madam alikuwa amesimama mlangoni na faili lake, nguo imepigwa pasi. Wala hakuonekana kutetemeka.

"Ni yule mwanamke wa Sudan Kusini, Mzee," akasema. "Yule wa kambi ya wakimbizi tuliyemwajiri. Alitia sijui nini. Nimeshamfukuza."

Sijui kwa nini sikulitarajia hilo, mimi niliyekuwa nikimjua. Mtu aliyenisukumizia kisu changu angeshindwaje kumsukumizia mwingine chumvi? Nilikuwa nimemlenga yeye, na yeye akainama tu, jiwe likampata mwingine.

Mzee akanigeukia, akatoa funguo mfukoni. "Mama, nimechoka na mambo haya. Kuanzia leo nyumba hii uishike wewe."

Mungu wangu. Shule ya mume wangu ilionekana kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Nilizitazama zile funguo, nikamtazama madam, halafu nikasema yote: ukwaju, mswaki, uongo wa Lodwar, simu, chumvi. Nilipomaliza Mzee alizirudisha funguo mfukoni, akamwambia madam akusanye vitu vyake, akaniambia na mimi nimsubiri kwenye gari.

Kumwona madam akiburuta sanduku lake kwenye mchanga kulinifurahisha. Nasema kweli, kulinifurahisha sana.

Lakini kabla hatujaondoka aliletwa yule mwanamke kwa bodaboda, arudishwe kazini. Alikuwa mrefu, mtoto mgongoni, midomo imekauka. Mzee alimweleza kila kitu palepale. Akaja mpaka dirishani pangu. Nilimwambia pole. Hakuipokea.

"Wewe mimi hapana jua," akasema taratibu. "Mimi nakosea wewe nini?"

Mzee akawasha gari, tukashika njia ya kurudi Lodwar.