Masanja Dobi na Suti Iliyolala Kwenye Ulezi

Kwa miaka tisa niliificha suti ya mume wangu ndani ya kihenge cha ulezi. Nasema mume wangu kwa sababu kanisani bado ni wangu. Mwenyewe Baltazari anaishi Kasanga na mwanamke mwingine, anapakia mizigo kwenye maboti ya Kongo. Siku aliyokuja kuchukua vitu vyake alibeba kitanda, redio, hata sufuria niliyopewa na mama yangu. Suti aliitafuta mpaka uvunguni, nikamwambia iliibiwa. Niliinunua mimi kwa jasho langu, akaivaa siku tuliyofunga ndoa, na nilikuwa nimeapa kwamba yule mwanamke hatamwona ndani yake.

Mfipa akitaka kitu kisalimike anakizika kwenye ulezi, maana ulezi unakaa miaka mingi na haubunguliwi. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba sufu si ulezi.

Mwaka huu mwanangu Cleophas akapata mchumba, Evodia, binti wa kutoka kijiji cha Kaoze. Ndoa ikapangwa Jumamosi. Baltazari akasikia, akapiga simu: "Mwambie kijana asihangaike. Mimi baba yake nakuja na suti mpya, nitamvalisha mwenyewe mlangoni pa kanisa."

Tangu aondoke hajamnunulia hata daftari, leo amvalishe mbele ya watu! Cleophas akainamisha kichwa. "Mama, nikiivaa watasema yeye ndiye aliyenilea. Lakini sina nyingine."

"Unayo," nikamwambia.

Nikaifukua. Ilikuwa na ukungu mgongoni na harufu ya ghala. Kwa haraka zangu nikachemsha maji, nikatia magadi, nikaanza kusugua mkono wa kulia. Ulipokauka ulikuwa umepanda vidole vinne. Jirani yangu Salome aliponikuta nimeishika, akaninyang'anya. "Umefua koti la sufu kama gunia! Mpelekee Masanja kabla hujaimaliza."

Mafundi mimi siwaamini. Fundi cherehani amekula kitenge changu, fundi bati ameniachia paa linalovuja. Nilifika kibandani kwa Masanja nyuma ya soko nikiwa nimeshakasirika. Salome, aliyenisindikiza, alinisomea kibao: drai klina, yaani mashine ya kufua bila maji. Nikatafuta hiyo mashine, sikuiona. Niliona mabeseni, kamba, brashi za kila namna na pasi mbili za mkaa.

Masanja ni Msukuma. Baba yake, mzee Ngeleja, alihamia na ng'ombe kule bondeni, upande wa Milepa, Masanja akiwa mdogo. Dume lilimpiga teke akabaki na mguu mbovu, kuchunga akashindwa. Akapanda huku juu Sumbawanga, akapata kibarua cha kufua kwa masista, na hao ndio waliomfundisha kwamba kila kitambaa kina tabia yake. Baba yake alipita mji mzima akilia kwamba mwanawe anafua nguo za watu kama mwali. Siku hizi baridi ya Julai ikianza, mzee huyohuyo ndiye mteja wa kwanza, koti begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Loweka hii, sugua, Ijumaa naichukua."

"Siloweki kitu nisichokijua. Ilikuwa imewekwa wapi?"

"Kabatini."

Akapindua mfuko wa koti. Punje za ulezi zikamwagika mezani. Akaziangalia, akaniangalia. "Mama, kabati lako mnalilima masika au vuli?"

Wateja wakaangua kicheko. Nikamjibu, "Afadhali kabati la ulezi kuliko ninyi mnaolala na ndama."

"Ndama hajawahi kufupisha mkono wa suti. Huu umepigwa maji ya moto. Nani kafanya?"

Nilitaka kusema Salome. Kisha nikaona namna alivyoushika ule mkono, kwa vidole viwili kama mtu anayempima mtoto homa. "Mimi," nikasema.

"Vizuri. Mtu akinificha, kazi inanishinda. Sasa nami nakwambia kweli: ukungu utatoka, harufu itatoka. Mkono siwezi kukuahidi."

Nimeahidiwa mengi maishani. Huyu alikuwa wa kwanza kukataa kuniahidi, na hapo ndipo nilipoanza kumwamini. Akakata uzi mwekundu vipande viwili, kimoja akakishona ndani ya kola, kingine akanipa. Ndiyo risiti yake. Wengi wetu karatasi hatuzisomi. Halafu akauliza: harusi ya nani, lini, bwana harusi ana kimo gani. Nikamweleza yote, hadi habari za Baltazari. Akasikiliza bila kunihurumia, nikashukuru.

Sikuondoka. Nilikaa kwenye kigoda nimlinde. Hakulitia koti majini hata kidogo. Alilipiga brashi kuelekea upande mmoja, akafuta ukungu kwa kitambaa chenye siki kidogo, akalitundika kivulini upepo wa Ufipa ulipigepige. Upepo huo tunaulaani kila siku, kumbe ni mfanyakazi wake.

Alhamisi alirudi kwenye mkono. Akauvuta kwa mvuke, ukarudi palepale. Akauvuta tena. Akaketi chini akiukodolea macho, nami naiona ile suti mpya ya Baltazari ikipanda gari kutoka Kasanga.

Ghafla akacheka peke yake. "Mimi mjinga! Mkono ni ngozi."

"Ngozi gani?"

"Ya ng'ombe, mama! Kwetu ukichuna, unaiwamba chini ikiwa mbichi, vigingi pande zote. Ikikauka hairudi."

Akauloanisha kwa maji ya uvuguvugu, akaulaza kwenye ubao. Akaunyoosha taratibu, pini hapa, pini pale, sijapata kuona pini nyingi hivyo. Mimi nilishika upande wa begani, yeye akavuta chini. "Usivute kwa hasira, mama. Hii si mume wako." Nilicheka mpaka nikaachia, ikabidi tuanze upya.

Ijumaa akatoa pini. Mkono ulibaki ulipowambwa. Akaupiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, na kabla ya kila pasi alitoka nje akaipunga ili majivu yaishe.

Jumamosi Baltazari alikuja kweli, mfuko wa suti begani, akasimama mlangoni pa kanisa na akina mama wakimtazama. Cleophas akatokea kona. Koti limemkaa utadhani limekatwa juu yake. Baltazari akaushusha mfuko polepole.

"Hiyo si ile... Ulisema iliibiwa."

"Iliibiwa," nikamjibu. "Nikaiiba mimi."

Vigelegele vikaanza kabla hata bibi harusi hajashuka kwenye gari. Cleophas akamwamkia baba yake kwa heshima, kama nilivyomlea. Baltazari akamwonyesha mfuko. "Mwanangu, nimekuletea..."

"Asante, baba. Nimeshavalishwa."

Kisha akanipa mkono wake wa kulia, tukaingia kanisani wawili. Nimekaa na uchungu miaka tisa na bado ninao, sidanganyi. Lakini siku hiyo niliuacha nje na Baltazari, wakae pamoja.