Wimbo wa Shangazi na Sahihi Yangu

Kabla sijawa dijei nilikuwa mwizi, ila sikujua. Nilikuwa na kibanda jirani na stendi ya Kibiti, natengeneza simu na kurusha nyimbo. Mtu analeta simu yake, anataja anazotaka, namjazia memori kadi mpaka ishibe. Kina mama walitaka taarabu, vijana wa bodaboda walitaka singeli, mwalimu wa madrasa alinipitia kuchukua kaswida. Zote nilikuwa nazo kwenye kompyuta moja, na hapakuwa na hata wimbo mmoja nilioununua.

Siku moja basi la kwenda kusini liliharibika pale stendi, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Mmoja wao, mwanamume wa makamo aliyevaa shati lililopauka, akaja kununua waya wa chaji. Spika yangu ilikuwa inapiga wimbo wa dansi wa zamani kidogo. Akasimama akausikiliza mpaka kiitikio.

"Huu umeupata wapi, kijana?"

"Tunarushiana tu, mzee."

"Mimi ndiye niliyeuimba."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akaimba ubeti wa pili taratibu, sauti imechoka lakini ni ileile. Nikaona aibu, nikamwambia waya achukue bure. Akaweka hela mezani.

"Waya umeununua," akasema. "Chukua chako."

Basi likatengenezwa, akaondoka. Mimi sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Mwisho nikafuta nyimbo zote kwenye kompyuta, nikauza kipande cha mikorosho alichoniachia baba, nikanunua spika mbili kubwa, mikisa ya kuchanganyia sauti, jenereta na laptopu iliyotumika. Nikakusudia kuwa dijei wa kuzunguka kwenye shughuli, Kibiti mpaka Utete na vijiji vya delta, na niwe wa halali. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyetubu.

Nilikwenda Dar es Salaam kuulizia taratibu. Kwenye ofisi ya hakimiliki nilimkuta mama mmoja mwenye miwani, mpole, asiyechoka kueleza.

"Ukinunua wimbo mtandaoni, umepata ruhusa ya kuusikiliza wewe," alisema. "Kuupiga kwenye shughuli ya watu ni ruhusa nyingine. Na kila wimbo una wenyewe zaidi ya mmoja. Yupo aliyetunga, yupo aliyeimba, na yupo mwenye rekodi. Huyo wa tatu watu humsahau."

Nikaitikia kama mwanafunzi mzuri. Nikalipia, nikarudi na kibali changu ndani ya plastiki, nikawa nakionyesha hata kwa wasiouliza.

Kibiti palikuwa na dijei mwingine, jirani yangu wa zamani pale stendi. Mali yake yote ilikuwa spika moja na flashi aliyoivaa shingoni. Alipokiona kibali akanishika bega kwa huruma ya kweli.

"Umelipia upepo, ndugu yangu."

Kwa muda ilionekana kama amesema kweli. Nyimbo mpya za singeli zilimfikia yeye kabla hazijawekwa pale ninaponunua mimi. Kwenye harusi moja Mchukwi vijana walitaka wimbo uliotoka juzi, nikawaambia bado sijaupata kihalali. Kaka wa bibi harusi akanijia, amekasirika lakini anajizuia.

"Kaka, karatasi haichezeki," akasema.

Wakampigia mwenye flashi. Alikuja na bodaboda, akachomeka, uwanja ukajaa vumbi la wachezaji. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikiangalia spika zangu zikimfanyia kazi mtu mwingine.

Ndipo nikamfikiria shangazi. Ni dada mkubwa wa baba, anaishi Mtawanya, na tangu nipate akili alikuwa manju, yaani ndiye anayeanzisha nyimbo na wanawake wenzake wanamwitikia. Nikajiambia nyimbo za kwetu hakuna atakayekuwa nazo kabla yangu.

Kati ya nyimbo zake, mmoja ulipendwa kuliko yote. Aliutunga mwenyewe kwa Kindengereko, siku alipomtoa mwali binti yake wa pekee, baada ya kukaa ndani miezi akifundwa. Katika kiitikio anamwita kwa jina, anamwambia toka nje mwanangu, jua linakungoja. Binti huyo aliolewa, na mwaka uliofuata akafariki kwa uzazi, barabara ikiwa imejaa maji ya masika, kabla hawajamfikisha hospitali. Shangazi aliendelea kuuimba kwenye shughuli za mabinti wa wenzake. Jina hakulibadilisha. Wanawake walijua, na waliitikia kwa jina hilohilo.

Nilipomwomba nimrekodi, alikuwa anasuka ukili barazani.

"Unataka kuufanyia nini, baba?" Aliniita baba siku zote, kwa kuwa nilirithi jina la baba yake.

"Nitaupiga kwenye shughuli, shangazi. Usipotee."

Akauweka ukili chini. Kisha akaita majirani wanne, wakapiga makofi, akaimba. Alipofika kwenye jina, mmoja wao alishindwa kuitikia. Nilirekodi mara moja tu, sauti na video. Sikuthubutu kumwomba arudie.

Kwenye rekodi zilisikika mbuzi na upepo. Nikaipeleka Dar, kwenye studio ya mtu tuliyefahamiana kupitia kazi. Akaisikiliza akiwa amefumba macho.

"Mali hii," akasema. "Niachie niisafishe. Jaza hapa, utaratibu tu."

Zilikuwa kurasa tatu. Mimi niliyekuwa nawahubiria watu habari za karatasi Kibiti nzima, nilifungua ukurasa wa mwisho nikatia sahihi nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilikuwa nawahi basi.

Rekodi iliyosafishwa aliniletea kweli, nami nikaipiga na watu wakaipenda. Halafu, miezi kadhaa baadaye, nikiwa Nyamisati napakia vyombo kwenye boti kwenda kisiwani, nikausikia ule wimbo kwenye simu ya nahodha. Ilikuwa sauti ya shangazi, lakini imekimbizwa, chini yake imewekwa midundo ya singeli. Ubeti wote ulikuwa umeondolewa. Kilichobaki ni jina la yule binti, limekatwa vipande, linarudiwarudiwa kama mtu mwenye kigugumizi.

"Huu ndio unaotamba sasa," nahodha akasema, akitingisha kichwa.

Kwenye mtandao liliandikwa jina la studio, na mahali pa mtunzi waliandika "asili". Jioni ile nilipofungua simu nikakuta video niliyoiweka mtandaoni mimi mwenyewe, shangazi akiimba barazani kwake, imeondolewa. Ujumbe ulisema nimetumia kazi ya mtu mwingine bila ruhusa.

Nilikwenda studio. Yule bwana hata hakuinua sauti.

"Ngoma za asili hazina mwenyewe, kaka. Na rekodi ni yangu. Soma ulichosaini."

Nikaenda kwa mama mwenye miwani. Akazisoma kurasa zote tatu, jambo ambalo mimi sikulifanya, kisha akavua miwani.

"Sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Shangazi alisaini popote?"

"Hajui kuandika. Wala hakujua kama kuna karatasi."

"Basi kwenye utunzi hukuweza kuwapa kitu ambacho si chako. Hapo tuna pa kuanzia. Lakini lazima aje mwenyewe, aape kwamba aliutunga yeye, lini na kwa ajili ya nani, na mashahidi waje."

Nilirudi na tumaini hilo mpaka Mtawanya. Shangazi alikuwa ameshausikia. Bodaboda ilipita mbele ya nyumba ikiupiga, akadhani anaumwa, masikio yanamdanganya. Nilimweleza yote, hata ile sahihi niliyotia nimesimama. Nikamwambia sasa inabidi twende akaape.

Aliendelea kusuka. Alipomaliza mstari akasema, "Niende mbele ya watu nikaape kwamba mwanangu alikuwa mwanangu?"

"Ni kuthibitisha tu wimbo, shangazi."

"Ndio huohuo."

"Tusipokwenda, utabaki kuwa wao."

"Mimi sikukupa uuze. Uliniomba, nikakupa." Hakulia wala hakunifukuza. Aliingia ndani akaniletea chakula, akakaa mbali nami nikila.

Sikuweza kumlazimisha. Mashahidi walisema bila yeye hawaendi, na walikuwa na haki. Shauri likaishia hapo, karatasi zikabaki kwenye bahasha yangu.

Sasa hivi nina kazi nyingi. Watu wamezoea utaratibu wangu, na yule mwenye flashi amehamia Ikwiriri. Mwaka huu nikaitwa Mtawanya, nyumba ya tatu kutoka kwa shangazi, wanamtoa mwali. Walikuwa wamemwomba awe manju akasema koo linamuuma. Saa tisa alasiri binti alipotolewa, amepambwa, amefunikwa kanga mpya, mama yake akanijia.

"Tupigie ule wa shangazi yako."

"Sina, dada." Rekodi yangu nilikuwa nimeshaifuta.

"Basi mimi ninao." Akatoa simu.

Nilimwangalia binti. Alikuwa amesimama juani akisubiri, na ile ilikuwa siku yake, hakuwa na kosa lolote. Nikachukua simu, nikaichomeka mwenyewe. Kwa kibali changu ilikuwa halali kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele, jina likaanza kukatikakatika kwenye spika zangu, na watoto wakaliitikia bila kujua ni la nani.

Juu ya vichwa vya watu nilimwona shangazi akitoka nyumbani kwake, jembe begani. Akapita nyuma ya uwanja bila kugeuka, akashika njia ya shambani, saa ambayo wenzake wote hurudi.