Mshahara Aliousoma Mjomba

Mjomba wangu ndiye aliyewaambia watu kwamba nitakuwa tajiri. Ilikuwa siku ya harambee ya karo yangu, kwenye uwanja wa kanisa kule Mwanda. Manyunyu yalikuwa yameanza, na wageni walikuwa wakiinuka mmoja mmoja kabla ya kutoa chochote. Mjomba akakamata kipaza sauti, akatoa simu mfukoni, akawasomea mshahara wa mtaalamu wa tiba ya mionzi. Aliusoma wa Amerika. Akaubadilisha kutoka dola hadi shilingi, akaugawa kwa miezi ya mwaka, na jibu akalirudia polepole kama mtu anayesoma matokeo ya uchaguzi. Waliokuwa wamefungua miavuli waliketi tena. Jogoo mmoja alinadiwa, akarudishwa, akanadiwa tena mpaka akachoka kupiga kelele. Karo ya kuanzia ikapatikana.

Mimi nilikuwa nimeketi mbele na rinda la kuazima, na wasiwasi wangu wote ulikuwa kwamba huenda mjomba amekosea mahali pa nukta. Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango ninarudi kuusukuma. Nikituma ujumbe ninausoma tena baada ya kuutuma, na nikikuta herufi imeruka, siku yangu imeharibika. Shuleni kwetu tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa fizikia, kwa hivyo nilijifundisha kwa video nilizozitazama kwenye simu ya mama, nikirudia kila swali hadi jibu langu lilingane na la kitabu mpaka desimali ya mwisho. Niliposikia kwamba kuna kazi ambamo milimita chache ni kosa kubwa, niliona kama nimeitwa kwa jina.

Kazi yenyewe ni hii. Ninamlaza mgonjwa wa saratani kwenye kitanda cha mashine, ninamsogeza taratibu mpaka alama za wino kwenye ngozi yake zikutane na miali ya leza, kisha ninatoka, ninafunga mlango mzito na mashine inaanza. Lakini kabla ya hapo lazima tusomeane. Mmoja wetu anasoma nambari za mgonjwa, mwingine anazirudia akiangalia skrini yake, hata kama mgonjwa ni yuleyule wa jana. Ukisikia nambari isiyofanana na unayoiona, unasema "simama". Unasema hata kama anayesoma ni mkubwa wako, na yeye anasimama.

Naipenda kazi hii kuliko inavyonipenda. Ninafanya kwenye kituo cha binafsi Mombasa, kwa mikataba mifupi inayofanywa upya kwa shingo upande. Mashine ikiharibika tunaambiwa tubaki nyumbani, na siku za nyumbani hazilipwi. Leseni ya kila mwaka ninailipia mwenyewe. Nikiuliza kuhusu kupandishwa cheo ninaambiwa nishukuru kwamba nina kazi, na jibu hilo linaniuma kwa sababu ni kweli. Mashine hizi ni chache na ziko katika miji mikubwa. Kaunti yetu haina hata moja. Mgonjwa wa kijiji kama Kishushe anaanza safari kwa kungoja gari ambalo huenda lisije. Muuguzi akikosa kazi mjini anaweza kurudi nyumbani akatafuta zahanati. Mimi bila mashine ni mtu anayejua kufunga mlango mzito. Mwenzangu niliyekuwa nikisomeana naye alishaondoka nchini. Siku hizi hunitumia picha za chakula anachokula, na mimi humjibu kwa alama za vidole gumba, nikiwa nakula mkate mkavu.

Kwa hivyo mdogo wangu alipomaliza kidato cha nne na kuniandikia kwamba anataka kuchagua kozi hiyohiyo, niliomba ruhusa nikaja Voi. Tovuti ya kuchagua kozi ilikuwa inafungwa Jumamosi jioni. Nilikuja kumzuia, basi.

Mama anauza mitumba, na vyumba vyake viwili viko nyuma ya kibanda. Nilimkuta akimenya viazi. Mjomba alikuwa ameteremka kutoka Mwanda na gunia la kabeji, na alikuwa ameshaketi kwenye kiti kizuri.

"Karibu, daktari," akasema.

"Mimi si daktari, mjomba."

"Haya, mkubwa wa madaktari. Si wao wakishindwa wanakuletea wewe uchome?"

Mama akacheka. Sikungoja chai. Nikasema nilivyokuwa nimefanya mazoezi njiani: kwamba mdogo wangu asichukue kozi hii, kwa sababu haina pesa. Nikafungua hati yangu ya mshahara kwenye simu, nikampa mama.

Mama akavaa miwani. "Hii ni ya wiki?"

"Ya mwezi, mama."

"Na ile nyingine iko wapi?"

"Hakuna nyingine."

Mjomba akaichukua simu, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu tena. "Hata kijana wa kuziba pancha za malori pale Maungu anakushinda!"

"Najua."

"Wacha mchezo. Pesa za mionzi ni kama mionzi yenyewe," akamkonyeza mama, "hazionekani, lakini zipo."

"Hazipo, mjomba."

Akanirudishia simu, na uso wake ukawa umebadilika. "Mimi sikudai, mwanangu. Ng'ombe wangu niliyemuuza kwa karo yako alishaenda, nilimtoa kwa moyo. Nauliza tu: mdogo wako akipata na yeye, wewe unapungukiwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Nilihisi machozi ya hasira, nikajifanya nina mafua. Mama hakuinua macho kutoka kwenye viazi, nikajua naye analiwaza jambo hilohilo.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo.

"Kwa hivyo ni wewe tu ulifaa kusoma?" akaniuliza.

"Sijasema hivyo. Chukua uuguzi."

"Wewe ulipoambiwa uchukue ualimu ulisema nini?"

Nikaifunga ile hati ya mshahara kwenye simu.

"Mimi sifuati dola za mjomba, dada. Ile siku nilikuja kazini kwako, nilikuona na yule nyanya kabla hujafunga mlango. Vile ulimwinamia, vile ulimwambia hutaenda mbali. Hapa nyumbani huongei na mtu hivyo."

"Hiyo ni kweli," mama akasema, na kisu kikaendelea.

Jumamosi nilimsindikiza kwenye saiba, duka la intaneti karibu na steji ya matatu. Palikuwa na foleni ya watoto na wazazi wao, na mhudumu aliyekuwa akihimiza kila mtu. Mdogo wangu akaketi kwenye kompyuta, akaandika nambari ya kozi, akanipa karatasi tuliyokuwa tumenakilia nambari hiyo.

"Tusomeane," akasema. "Kama kazini kwenu."

Akasoma kutoka kwenye skrini, nami nikarudia kutoka kwenye karatasi. Karibu na mwisho akasoma tatu. Kwenye karatasi ilikuwa nane. Nikainama kuangalia skrini. Ilikuwa kozi nyingine ya chuo hichohicho, yenye jina refu lililoanza vilevile, na yeye hakuwa ameona. Kidole chake kilikuwa tayari.

Nililojia Voi lilikuwa limefika mbele yangu bila mimi kulifanya. Nilihitaji tu kunyamaza.

"Madam, watu wanangoja," mhudumu akasema.

"Simama," nikasema.

Mdogo wangu akaondoa mkono mara moja, bila kuuliza, kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. Akafuta, akaandika upya, akasoma. Nikarudia. Zilikuwa sawa zote. Akabonyeza.

Tulikuwa hata hatujatoka nje mjomba alipopiga simu. "Amechagua?"

"Amechagua."

"Ile yako?"

"Ile yangu."

Nikamsikia akimwambia mtu kando yake achukue ule mshahara aliousoma siku ile Mwanda, auzidishe kwa mbili.

"Mjomba, simama," nikasema.

Lakini alikuwa ameshaanza kulitaja jibu.