Nguzo Nne Barazani kwa Mama

Mpaka juzi, mama yangu hakuwa amelala hata usiku mmoja katika nyumba niliyomjengea, na sababu ilikuwa nguzo nne. Zimesimama barazani, nene na nyeupe, na vichwani zimevaa majani ya saruji. Hazina ufa wowote. Nyuma yake kuna vyumba vitatu, umeme, na bomba la maji jikoni. Kila asubuhi mama aliifagia nyumba hiyo, akafungua madirisha iingie hewa, akayafunga, kisha jioni akarudi kulala katika nyumba yake ya zamani ya udongo, ambayo ukuta wake wa nyuma umeegemezwa gogo usianguke.

Nguzo zilikuwa wazo langu. Nalisema hili mapema ili lawama isimfikie fundi.

Mimi ni muuguzi. Naishi ng'ambo, katika mji mdogo wa Crystal, nafanya kazi katika hospitali moja ya Minneapolis, na nina tabia ya kuchunguza mambo yasiyonihusu. Mgonjwa akilazwa kwa ajili ya goti, mimi hupata kujua pia kwa nini hasemezani na dada yake. Mume wangu husema kwamba ningekuwa polisi, nchi nzima ingekuwa imekiri makosa.

Majira ya baridi ya mwaka jana, nyumba ikiwa imefika usawa wa madirisha, nilipata siku ya mapumziko nikaingia katika jumba la makumbusho ya sanaa. Niliingia kwa sababu halina kiingilio na lina joto. Mzee mmoja wa kujitolea alikuwa akiongoza kikundi cha wageni, nami nikajichomeka. Alituonyesha vyungu vya Wagiriki wa kale, kisha akatusimamisha mbele ya sanamu ya jiwe iliyotoka sehemu ambayo leo ni Pakistan. Ilikuwa sanamu ya Buddha, lakini vazi lake lilikunjamana vilevile kama mashuka ya sanamu za Kigiriki. Mzee alieleza kwamba Wagiriki walifika kule na majeshi. Majeshi yakaondoka, mikunjo ikabaki. Akasema pia kwamba wachongaji wa kule walipochukua nguzo za Kigiriki, zile zenye majani kichwani, walimketisha Buddha katikati ya majani hayo, na hakuna aliyewauliza ruhusa wametoa wapi. Nilimsaili mzee yule hadi wenzangu wakatangulia chumba cha pili bila yeye.

Nikirudi nyumbani kwa basi, niliona nguzo kila mahali. Benki ya zamani ilikuwa nazo, kanisa lilikuwa nazo, hata nyumba ya kutayarishia maiti ilikuwa na mbili nyembamba. Jumamosi iliyofuata nikamlazimisha mume wangu tuvuke hadi Saint Paul kuzitazama za jumba la bunge la jimbo. Alibaki garini na kipasha joto chake.

"Umeziona nguzo," alisema niliporudi nikitetemeka. "Sasa tunaweza kwenda kununua maziwa?"

Usiku huo nilimrekodia fundi ujumbe mrefu wa sauti. Nilianzia Athene, nikapita Roma, nikazungumzia mifereji inayoshuka ubavuni mwa nguzo na jinsi inavyoshika kivuli. Yeye ni kijana wa kwetu, mtaratibu, aliyezoea kupokea amri fupi. Alijibu kesho yake.

"Dada, nimesikiliza yote, na mengine nimerudia. Swali langu ni moja. Hizi nguzo zinabeba nini?"

Nikamjibu kwamba zinabeba uzuri. Ndiyo, nilitamka maneno hayo. Sauti yangu ingalipo kwenye simu yake, na nina habari kwamba mafundi wenzake wameisikia.

Swali lake la pili lilihusu majani. Nilikuwa nimemtumia picha, akataka kujua ni mboga gani. Nilimwambia ni mmea wa Ugiriki, una miiba. Akasema kwetu haupo. Baadaye zikaja picha za kazi iliyokamilika, na vichwani mwa nguzo zote nne kulikuwa na sukuma wiki. Ilikuwa sukuma wiki bila shaka yoyote, na mishipa ya majani yake, na kingo zake zilizojikunja, nzuri kiasi cha kutamani kisu na kitunguu. Mume wangu alicheka hadi akakaa sakafuni.

Mimi nilikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikamkumbuka Buddha kati ya majani, nikaona tumeingia katika historia. Jumapili hiyo, baada ya ibada huko Brooklyn Center, niliwahutubia akina mama wa kanisa juu ya safari ya sanaa ya Wagiriki hadi kijijini kwetu. Simu ilizungushwa kutoka mkono hadi mkono. Mmoja aliuliza kama hiyo ni hoteli. Mwenzake akauliza kama watu wa kanisa watapunguziwa.

Mama alikuwa ameziona nguzo zikipanda siku baada ya siku, akiwa mlangoni pake. Fundi alipomshikisha simu ili tuonane, alisema tu kwamba nyumba imependeza, na Mungu anibariki. Halafu vikaanza visababu. Rangi ilikuwa bado inanuka. Rangi ilipokauka, kuku alikuwa ameatamia katika nyumba ya zamani na hakutaka kusumbuliwa. Vifaranga walipotoka, ilibidi mchungaji aje kwanza kuombea nyumba. Mchungaji akaja, akaomba, akanywa chai barazani, akaondoka, na mama akavuka ua kurudi kwake.

Hapo fundi akaniambia waziwazi kwamba ule ukuta uliotegemea gogo hautavumilia mvua ndefu. Mvua ndefu zilikuwa karibu. Nikampigia mama, nikiwa kwenye maegesho ya hospitali kabla ya kuingia zamu.

"Mama, unaogopa nini katika nyumba ile?"

Nilimsikia jogoo wake.

"Nyumba siogopi," alisema. "Ni hapo mbele. Nikifika kwenye hizo nguzo, nasimama kungoja kuitwa, kama siku za kesi."

Baba alipofariki, ndugu zake walimpeleka mama mahakamani kwa sababu ya shamba. Mahakama ilikuwa mjini, jengo lililoachwa na Waingereza, na mbele lilikuwa na nguzo. Kesi ilikwenda miaka. Hapakuwa na kiti kwa watu waliongoja kuitwa, kwa hiyo mama alisimama kati ya nguzo tangu asubuhi, hadi karani atoke kusema warudi mwezi ujao. Mwishoni alipata nusu ya shamba, na hiyo nusu ndiyo iliyobeba nyumba yangu.

Nilikuwepo. Nilikuwa mdogo, na mama hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Nakumbuka nikiegemeza shavu kwenye nguzo, jinsi ilivyokuwa baridi, na mandazi mkononi, na kidole changu kikiteleza ndani ya mfereji wake. Nilitamani tusiitwe kamwe, nibaki pale na nguzo yangu. Majira yote ya baridi nilikuwa nimeitafuta asili ya hizo nguzo kule Athene, nikawaeleza waumini na madereva wa basi, na sikufika kwenye kituo kilichokuwa karibu zaidi, mahakama ile.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ulikuwa umefurahi, mwanangu. Na ulikuwa unaongea sana."

Nilimpigia fundi nikamwambia azibomoe. Alikohoa kidogo.

"Dada, uliposema zinabeba uzuri, mimi niliogopa watu watanicheka. Nikazipa kazi. Sasa zinabeba paa."

Kuziondoa kungehitaji kulishusha paa lote la mbele, na hilo halifanyiki mvua zikikaribia. Basi nikamuuliza mama swali ambalo mtu mwingine yeyote angeanza nalo: yeye anataka nini? Akaomba muda wa kufikiri. Kesho yake akasema anataka benchi, liwekwe kati ya nguzo ya kwanza na ya pili, lenye mahali pa kuegemea mgongo.

Fundi alilitengeneza. Jana alinitumia picha: mama ameketi benchini, miguu ameinyoosha, sinia mapajani, anachambua sukuma wiki chini ya sukuma wiki ya saruji. Nyuma yake ua umejaa madimbwi, kwa sababu mvua ndefu zilianza juzi.

Nilimuuliza fundi mama amelala wapi tangu zianze. Alisema siku zote mbili alimwacha jioni akiwa bado ameketi pale, na hakuona aliingia mlango upi. Nimempigia mama mwenyewe. Tumezungumza habari za vifaranga, za mvua, na za mchungaji. Swali lenyewe nilikuwa nalo mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza.