Amri Isiyokuwepo

Zamda alikuwa na wiki mbili tu tangu aanze kuitunza programu ya zahanati moja ya binafsi mjini Korogwe, Hamisa alipoingia kutoka Mashewa na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na surua: macho mekundu, vipele mwili mzima.

"Mlisema mtanitumia meseji siku ya chanjo ikikaribia," Hamisa alimwambia muuguzi, mama Efrazia. "Nimeisubiri."

Efrazia akafungua kompyuta. Kwenye jina la mtoto, Ikram, palikuwa na alama ya kijani: ujumbe umetumwa. Hamisa akaiweka simu yake mezani. Haikuwa na ujumbe wowote.

Zamda alishinda akisoma msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Programu ile iliandikwa kwa lugha ya kompyuta ya PHP na Muhsin, fundi wa Handeni. Ilikuwa ikichukua jina la chanjo kwenye orodha, inaliunganisha na neno "tuma", kisha inaita amri yenye jina hilo. Polio ilizaa tumaPolio, na amri hiyo ilikuwepo. Efrazia alipoongeza surua kwenye orodha, programu ikaanza kuita tumaSurua, ambayo hakuna aliyewahi kuiandika.

Hapo programu ingekwama, na mtu angeuliza. Lakini Muhsin alikuwa ameweka kipande cha msimbo cha kupokea kila amri isiyokuwepo, na ndani yake mstari mmoja tu, wa kujibu kwamba kazi imefanyika. Zamda aliusoma mara tatu. Akahesabu alama za kijani kwenye orodha ya surua: hamsini na sita.

Akampigia Muhsin simu.

"Kaka Muhsin, kwa nini amri isiyokuwepo inajibu kuwa imefaulu?"

"Ah, ile. Siku ya kuwaonyesha wakubwa ilikuwa inatoa makosa kwenye skrini. Nikayaziba."

"Watoto hamsini na sita hawakupata ujumbe."

"Lakini wenye zahanati si waliipokea programu yenyewe?"

Zamda alikata simu bila kuaga.

Akaufuta mstari ule, akaandika tumaSurua, kisha akaitaka programu iangalie kwanza kama amri ipo. Isipokuwepo, isimame na kuitaja kwa maandishi mekundu kwenye skrini. Yeye na Efrazia wakawapigia simu akina mama, mmoja mmoja, hadi wa vijiji vya Bungu na Makuyuni. Ikram alipona, ingawa sikio lake lilitoa usaha kwa majuma kadhaa.

Mwezi uliofuata mwenye zahanati, mzee Laurenti, aliona maandishi mekundu kwenye skrini.

"Haya hayawezi kufichwa, binti? Yanatia aibu mbele ya wageni."

"Hapana, mzee," Zamda alisema, na akaendelea na kazi bila kumtazama.