Nekesa Amejibu Swali Moja Pekee

Wazee, leo nimeaibika nikiwa nimevaa koti!

Nilimpeleka Nekesa, binti wa dada yangu, Kitale kwa mtihani wa kuchagua watoto wa kwenda ng'ambo kushindana hesabu na dunia nzima. Mimi nimefika Kampala mara mbili, si ni mimi wa kumsindikiza?

Masaa manne na nusu, maswali matatu tu. Akatoka.

"Umemaliza ngapi?"

"Moja, mjomba."

Moja! Bana, roho ilishuka. Nikapigia mama yangu kule nyumbani Kamukuywa: "Mtoto ameanguka. Msimuulize kitu. Chinjeni kuku tumpoze."

Tukafika, nyumba kimya kama matanga. Hata jirani amekuja na maziwa ya pole.

Nekesa akashangaa, "Kwani nani amekufa?"

Tukiwa mezani mwalimu wake akapiga simu: "Wamesahihisha. Wengi hawakumaliza hata moja. Msichana anaenda!"

Mama alilia, akacheka, kisha akatoa firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mwanaume, kwa sahani yangu mimi mwenye boma, akamwekea Nekesa.

"Na wewe nabii," akaniambia, "kula shingo."

Nimekula. Tamu ajabu.

Sasa semeni ukweli, kwenu firigisi ya leo ingeenda kwa nani?