Theresia na Mlima Uliokuwa Ukiyumba

Siku Theresia aliporudi Nyandira kutoka baharini, ardhi ilikataa kutulia. Alishuka kwenye fuso lililompa lifti, akamshukuru dereva, akajitwika begi lake kichwani, na hatua ya kwanza tu aliyopiga akaona njia inamwinukia, kisha inadidimia. Akadhani ni njaa. Akashika ukingo wa shamba la mtu, akangoja. Njia ikapanda tena, ikashuka, taratibu, kama kifua cha mtoto aliyelala.

Mabaharia wanaijua hali hiyo. Mtu akikaa sana kwenye chombo, mwili unajifunza kuyumba, na akishuka nchi kavu mwili hauachi mara moja. Lakini huku milimani Mgeta hakuna mabaharia. Kuna watu wa kabichi, njegere na karoti, na njia zilizosimama wima kama ngazi, ambazo Theresia alizipanda tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Hakuna aliyewahi kumwona akijikwaa.

Jinsi alivyofika baharini ni hadithi fupi. Kabla ya kuolewa alipika kwenye nyumba ya wageni mjini Morogoro, chini ya dada mmoja anayeitwa Jane. Huyo Jane baadaye akahamia Dar es Salaam, akawa msimamizi wa boti ya watalii, na mpishi wake alipougua akamkumbuka Theresia. Mtoto, Happiness, alikuwa ameshaacha kunyonya. Mume wake, Kasimiri, akasema nenda ukajaribu. Akaenda wakati watu wanapanda maharage, akarudi wakati wanavuna.

Kasimiri alimpokea vizuri. Alimwandalia maji ya kuoga, akamchinjia kuku. Hepi, kama walivyomwita mtoto, ndiye aliyejificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akachungulia kwa jicho moja. Baadaye akaja mwenyewe, akaunusa mkono wa mama yake, akarudi mafichoni kufikiri. Theresia hakumlazimisha. Akakaa chini karibu na mafiga, mgongo ukutani, maana ukuta nao aliuona kama unaegama.

"Sasa hebu niambie vizuri," Kasimiri akasema wakiwa wanakula. "Hiyo boti ni ya samaki?"

"Si ya samaki. Ni ya wageni wanaozama. Wanalala humohumo, wanakula humohumo, wiki nzima hawakanyagi mchanga. Asubuhi wanabeba mitungi ya hewa mgongoni, wanajitupa majini kinyumenyume, wanakwenda chini kwenye matumbawe. Wakirudi wanakula, wanalala kidogo, wanazama tena."

"Wanatoa nini huko chini?"

"Hawatoi kitu."

"Hata samaki?"

"Samaki tunanunua kwa wavuvi wa Mafia."

"Basi kuna mali imezama."

"Kasimiri, hakuna. Wanatazama, halafu wanapanda."

Kasimiri akaweka paja la kuku chini. "Mtu atoke kwao na ndege, aje atazame, halafu apande."

"Ndiyo hivyo."

"Na wewe wakiwa chini unafanya nini?"

"Napika."

"Na wanaume wanaobaki juu?"

"Nahodha na vijana wake. Wanaangalia mapovu."

"Mapovu."

"Ya pumzi za wale walio chini. Wakiyaona mapovu wanajua watu wako wapi."

Yote yalikuwa kweli, lakini yakimtoka kinywani, Theresia aliyasikia kama maneno ya mtu anayetunga. Kuna jambo moja hakulisema. Siku moja Rashidi, kiongozi wa wazamiaji, alimvalisha miwani ya maji na jaketi la kuelea, akamshika mkono, akamwambia atumbukize uso tu. Akatumbukiza. Chini yake kulikuwa na shamba zima la koliflawa, za zambarau na za njano, nyingine kubwa kama meza, na samaki wakipita katikati yake kama watu wanaokwenda gulioni. Alitazama mpaka akasahau kupumua. Alitaka kumweleza mume wake hilo, lakini akaona ni lazima amtaje mwanamume aliyemshika mkono, akanyamaza. Kunyamaza huko nako kukamchanganya, maana hakuwa na kosa la kuficha.

Siku ya gulio akajitwika tenga la njegere kuteremka nalo kwenye magari, kama alivyofanya miaka yote. Pale juu ya sehemu ya kupakilia, njia ikampanda mguuni wakati hakuitegemea. Akaanguka kitako, tenga likaenda zake, njegere zikatapakaa mpaka chini ya matairi ya fuso. Alipoinuka akatapika kando ya njia, mbele ya kijiji kizima.

Mama Mercy alikuwepo. Huyu ni mtani wao. Ukoo wake na ukoo wa kina Theresia wanataniana tangu wazee wa wazee, na mtani akikutania huruhusiwi kukasirika. Msibani mtani anaweza kumwigiza marehemu alivyokuwa akikoroma, na wafiwa wakacheka. Mama Mercy akaja polepole, akashika kiuno, akamzunguka Theresia kama mnunuzi anayekagua mbuzi.

"Jamani, njooni muone," akasema. "Tulimpeleka baharini akapike, kumbe kapikwa yeye. Haya, tuambie, baba wa mtoto ni papa au ni pweza?"

Watu wakaangua kicheko. Theresia alikuwa na njegere kwenye nywele na ladha mbaya mdomoni, na alitamani kulia. Lakini angelia au angejibu kwa hasira, angeonekana hajui mila. Basi akafanya kama inavyotakiwa, akacheka. Akacheka, tena akajibu, "Ni pweza, shangazi. Ndiyo maana mikono yake haikuhesabika."

Hapo ndipo alipoharibu. Kicheko kilipokwisha, watu walibaki wakimtazama tumbo. Utani ulishapita, lakini neno lilibaki pale, na hakuna aliyemsikia akikataa.

Kufika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia. Mama yake, Bi Agata, alikuwa amebandika uji, tena wa ulezi, ule wa wajawazito. Uso wake uling'aa.

"Kaa, mwanangu. Usiiname."

"Mama, sina mimba."

"Nani amekuuliza? Kunywa."

"Mama, sijalala na mtu. Nakuapia."

"Mimi sikuulizi umelala na nani," Bi Agata akasema kwa upole, akimpulizia uji upoe. "Hayo ni ya huko. Mtoto ni wa kwetu."

Na kweli, kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba akiwa yeyote, ukoo umeongezeka mtu. Ndiyo maana jioni ile mjomba Amosi, anayesimamia ardhi ya ukoo, alipita na fimbo yake, akasimama kwenye matuta ya chini, akaanza kupima kwa macho.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Pale penye parachichi na pale penye mfereji, panamtosha?"

"Panamtosha nani, mjomba?"

"Akiwa wa kike tutaongeza," mjomba akasema, akaenda zake ameridhika.

Watu wote walikuwa wamefurahi, na furaha yao ndiyo iliyokuwa ikimbomolea nyumba. Maana Kasimiri hakuwa wa ukoo ule. Alioa akaja kuishi kwenye ardhi ya wakwe, kama wanaume wengi wa pale, na kitu pekee kilichomfunga na boma lile ni mke aliyemwamini. Kasimiri hakupiga kelele, wala hakuuliza. Asubuhi akachomoa jembe lake darini, akalifuta udongo, akaliweka begani. Mwanamume wa Kiluguru akiondoka na jembe lake, hajaenda shamba.

"Unakwenda wapi?" Theresia akamuuliza.

"Kijijini Bunduki, kwa mama."

"Utarudi lini?"

"Wewe ulicheka," Kasimiri akasema. Akambusu Hepi kichwani, akashika njia.

Theresia alikaa na neno lile. Alicheka, ndiyo. Sasa angecheka vipi ili kicheko kionekane ni cha utani, na cha kukiri kingekuwa cha namna gani? Akampigia Rashidi ili amuulize kama hali hii wanaijua. Simu haikupatikana. Akampigia Jane, naye vilevile. Boti ilikuwa imetoka na wageni wengine na mpishi wa zamu nyingine, na kule kwenye miamba mtandao haufiki. Aliwafikiria wapo chini, wanatazama.

Usingizi ulipokuja ulimbeba kama mtumbwi. Akaanza hata yeye kuutilia shaka mwili wake. Tangu achomwe sindano ya uzazi wa mpango, siku zake zilikuwa zinakuja zinavyotaka. Labda mimba iliingia kabla hajaondoka, ikajificha. Labda maji ya bahari yana mambo yake. Alijua hayo ni mawazo ya mtu aliyechoka, lakini alishika tumbo, akasikiliza.

Akaenda zahanati. Muuguzi akampima mkojo, akamwonyesha mstari mmoja kwenye kijiti cha kipimo. "Huna mimba. Na malaria huna. Hicho kizunguzungu kwa kweli sijui kinatoka wapi." Akampa kile kijiti akifunge kwenye karatasi. Bi Agata alikitazama, akakirudisha. "Mimi nimezaa sita, sijawahi kuulizwa na kijiti." Na uji ukaendelea kupikwa.

Kwa desturi mke haendi kumfuata mume aliyeondoka na jembe. Anamtuma mjomba, mjomba anakaa na wazee wa upande wa pili, wanaulizana. Lakini mjomba Amosi alishapima shamba. Angekwenda kusema nini? Theresia akamfunga Hepi mgongoni, mwenyewe, asubuhi, mama yake akiwa mtoni, akashika njia ya Bunduki.

Njia ile inakatiza ubavu wa mlima, upande mmoja mwinuko, upande mmoja bonde. Aliipita alipokuwa mchumba, na alipokuwa na mimba ya Hepi, kila gulio. Sasa alikwenda amejibana upande wa mlima, mkono kwenye nyasi. Mahali penye tambarare mguu wake ulitafuta mteremko, na penye mteremko ukatafuta tambarare. Penye jiwe kubwa alikaa kabisa, akapita kwa matako, Hepi akicheka mgongoni kwa kudhani ni mchezo. Mtoto alikuwa amemsamehe tayari. Alikuwa amelaza shavu kwenye shingo ya mama yake, anamwimbia kitu kisicho na maneno. Theresia alimsikia, akajikaza.

Kasimiri alikuwa analima ng'ambo, kwenye shamba la mama yake. Aliona mtu anakuja kama mlevi, akajiuliza ni nani huyo amelewa mapema hivyo na mtoto mgongoni. Kisha akaitambua kanga. Akaacha jembe limesimama kwenye udongo, akateremka mbio.

Hakumsalimu. Akamtoa Hepi mgongoni, akampakata. Theresia akatoa kile kijiti kwenye karatasi, akamnyooshea.

"Nini hiki?"

"Kipimo. Kinasema sina."

Kasimiri akakigeuza upande huu na huu. "Sijui kukisoma," akasema, akamrudishia. "Tembea."

"Nitembee?"

"Mpaka kwenye ule mti. Nataka kuona."

Theresia alifikiri anafukuzwa. Lakini akatembea. Njia ikampanda, ikamshukia, akaweka mkono chini, akaenda. Alipofika kwenye mti akaukumbatia. Alipogeuka, Kasimiri alikuwa bado amesimama palepale na mtoto mkononi, amekunja uso kama mtu anayejumlisha kitu kichwani.

"Mwezi wa nane wa mimba ya huyu," akasema, akimnyooshea Hepi kidole, "ulipita hapa na tenga la karoti. Na mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nyuma yako. Nilikuwa naomba Mungu, wewe ulikuwa unaimba."

"Nakumbuka."

"Hukushika nyasi hata mara moja."

"Ndiyo."

"Basi hii si mimba." Akamkaribia. "Sijui ni nini. Lakini mimba yako naijua mimi, haiendi hivi."

Theresia akafungua mdomo kueleza, kuhusu mawimbi, kuhusu kicheko cha gulioni, kuhusu Rashidi na jaketi la kuelea, yakaja yote kwa pamoja na lisitoke hata moja. Akasema tu, "Mti huu unayumba, Kasimiri."

Kasimiri akautazama mti. Akaugusa kwa kiganja, akasikilizia kwa dakika nzima, kwa heshima kabisa, kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo.

"Mimi siusikii," akasema.

"Najua."

Alirudi kuchukua jembe, akaliweka begani, akamweka Hepi juu ya bega la pili. Akamwambia Theresia ashike shati lake nyuma asiliachie. Wakaanza kurudi Nyandira hivyo, yeye mbele anapunguza hatua, mke nyuma amekamata shati kama mtoto anayevushwa mto.

Walipofika penye jiwe kubwa Kasimiri akauliza bila kugeuka, "Boti yako inaondoka tena lini?"

"Sijui kama nitarudi huko."

"Sikuuliza kama. Nimeuliza lini."

Theresia akatafuta siku. Akagundua hajui hata leo ni siku gani. "Leo ni nini?"

"Alhamisi."

"Basi ni keshokutwa."

Kasimiri akamweka Hepi vizuri begani. "Mama yako tutamwambia nini?"

Hilo Theresia hakulijua, na hakujua mjomba ataambiwa nini kuhusu shamba lililokwisha kupimwa. Alijua tu kwamba shati alilolishika lilikuwa linakwenda sawasawa, halipandi wala halishuki, akalikaza zaidi, akaweka mguu pale Kasimiri alipotoa wake.